David Goloshchekin: ala nyingi, sauti ngapi?

Katika onyesho moja David Goloshchekin, mwanamuziki wa jazi wa Urusi, aliweza kuanza na fidla, akashika flugelihoni, ile ndugu ya tarumbeta yenye sauti laini, kisha akahamia kwenye vibrafoni, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, au piano. Saksafoni, besi na drums alizipiga pia. Wanaomsifu humwita gwiji kwa sababu hiyo hiyo inayowatia wengine shaka: ala yake hasa ni ipi?

Swali hilo ni la haki. Flugelihoni hudai midomo, na midomo isipofanya mazoezi hulegea. Fidla hudai vidole vinavyopatia sauti mahali pasipo na alama yoyote. Saa uliyoipa moja, umeinyima nyingine.

Lakini tuangalie alikotoka. Alizaliwa Moscow mwaka 1944, akakulia Leningrad (leo St. Petersburg), akasomea fidla ya klasiki. Idara za jazi katika vyuo vya muziki vya Kisovieti zilifunguliwa 1974, yeye ana miaka 30 na bendi yake tayari. Mwalimu wa kizazi chake alikuwa redio: tangu 1955 Willis Conover wa Sauti ya Amerika alirusha jazi kwa masafa mafupi, akizungumza Kiingereza polepole, na vijana wakatega sikio kuunasa muziki katikati ya mikwaruzo. Ukijifunza hivyo, huna wa kumwuliza besi inafanya nini pale chini, unaishika mwenyewe. Mwaka 1971 Duke Ellington alipofika Leningrad, Goloshchekin alipata kupiga naye. Kwangu mimi, fidla ndiyo iliyobaki kuwa sauti yake.

Lawama nzito zaidi inahusu ladha. Alishikilia swingi na bibopu, mitindo ya zamani ya jazi ya Wamarekani, wakati Vladimir Chekasin, naye mpiga ala nyingi, alikuwa Vilnius, Lithuania, na kundi la jazi la Ganelin akipuliza saksafoni mbili kwa mpigo, katika muziki ambao usingeweza kudhani ni wa New York. Hapo Chekasin anamzidi, nakiri.

Ila mwaka 1989 Goloshchekin aliipa Leningrad ukumbi wa jazi, ambao baadaye ukawa taasisi ya serikali. Na hiyo ni nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipiga vita hata saksafoni yenyewe. Ukumbi huo uko barabara ya Zagorodny, na wapigaji ambao hawakuwahi kuhitaji redio ya mikwaruzo wamepata jukwaa humo.