Shotigani nyepesi: mguu unaipenda, bega linanuna

Mwindaji wa kwale anaweza kutembea saa tano na asifyatue zaidi ya mara nne. Kwa hesabu hiyo bunduki ni mzigo kwanza, silaha baadaye, na ndiyo maana wanunuzi wengi huuliza kilo kabla ya kuuliza kitu kingine. Wana haki. Shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba) yenye mitutu miwili iliyopandana, mwili wake, yaani sehemu ya kati inayoshika mitutu na mitambo ya kufyatulia, ukiwa wa chuma, mara nyingi huwa na kilo 3.2 hadi 3.6. Ukiibeba tangu alfajiri, kufika saa sita mtutu umeshaanza kuangalia chini. Kwale naye hangoji: huchomoka karibu na miguu yako kwa kishindo cha mabawa, na mkono uliochoka huchelewa hapohapo.

Lakini wepesi nao una deni lake. Piga risasi ileile kwa bunduki ya kilo 2.7 badala ya 3.4, na nguvu ya teke linalofika begani inaongezeka kwa takriban robo. Risasi nne bega litavumilia. Mimi naogopa zaidi kinachotokea mbele: bunduki nyepesi ni rahisi kuizungusha, na ni rahisi vilevile kuisimamisha. Ukisita kidogo tu unapovuta kifyatulio, mtutu unaganda na marisau yanapita nyuma ya mkia.

Mafundi wa zamani wa Uingereza walikuwa na kanuni yao: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Gramu 28 zinataka kilo 2.7 hivi, gramu 36 zinataka karibu kilo 3.5. Kwa hiyo kosa si kununua bunduki nyepesi, kosa ni kuilisha risasi nzito.

Namna ya kupunguza uzito ndiyo inayogawa watu. Wapo wanaotengeneza mwili wa alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma kwa ujazo uleule. Beretta, kwenye Ultralight yake, huweka kipande cha titani pale kitako cha risasi kinapoegemea, kwa sababu alumini peke yake ni laini mno kwa kazi hiyo. Mitutu inabaki ya chuma, hivyo uzito unahamia mbele. Wapo wanaoupenda mwendo huo, mimi naona mkono wa kushoto unafanya kazi peke yake. Njia nyingine ni geji 20 iliyojengwa juu ya mwili wake mdogo, kila kitu kikiwa chembamba na uzito ukikaa katikati ya mikono. Uliza vizuri, maana zipo geji 20 zilizopachikwa kwenye mwili wa geji 12, na hizo hazikupunguzii kitu cha maana.

Kuhusu umaliziaji wa nje, weusi wa buluu wa jadi ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma chenyewe: kutu iliyofugwa ili izuie kutu ya mwituni. Ni mzuri kwa macho, ila unataka mafuta kila jioni. Tazama tumbo la bunduki kuukuu, pale kiganja kinapoibeba. Chuma kimekuwa cheupe kwa jasho na msuguano. Mipako ya seramiki inastahimili haya yote vizuri zaidi, na hapo ndipo inapodanganya. Niliwahi kufungua mbao ya mbele ya bunduki ya rafiki yangu, nje ikiwa kama ya jana, ndani mitutu ina madoa ya kahawia. Maji yalikuwa yameingia, hakuna aliyeangalia. Anayepaka mafuta kila jioni angeyaona wiki ya kwanza.

Kitako cha plastiki hakivimbi kwa mvua, basi. Mbao iliyokolezwa mafuta huchubuka, lakini mchubuko unaufuta mwenyewe kwa kitambaa. Vanishi ngumu ikipasuka, unyevu hujificha chini yake.

Ningechukua geji 20 ya chuma, mwili mdogo, mitutu isiyong'aa, kitako cha mbao ya mafuta. Anayewinda kwenye mvua kila wiki na kurudi usiku akiwa hoi ana sababu ya kuchagua seramiki na plastiki, mradi akubali kuifungua yote kabla ya kulala.