Barua ya rufaa ya jicho huishia duka la dawa

Madaktari bingwa wa macho wana hoja nzito wanaposema jicho lisichezewe zahanati. Tabibu aandike rufaa, mgonjwa aende hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, akatazamwe kwa vifaa kamili na mtu aliyelisomea jicho. Shida yangu na hoja hiyo ni kwamba inamhesabu kila aliyepewa barua kuwa amefika.

Mfikirie mama wa Chanika aliyeamka Jumatatu jicho likiwa jekundu. Msasani ni kupanda daladala na kuunganisha, na siku hiyo genge lake halifunguliwi. Anaikunja barua, anaingia duka la dawa karibu na kituo. Anauziwa dawa ya matone yenye kiuavijasumu kilichochanganywa na steroidi, pengine deksamethasoni. Baada ya siku mbili wekundu umepungua, maana kutuliza wekundu ndiyo kazi steroidi inayoifanya vizuri. Chupa inasifiwa, inahamia kwa jirani, kisha kwa mtoto wa jirani anayefikicha macho kutwa kwa sababu ya mzio.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Ikiwa jicho la mama lina kidonda cha virusi vya hepesi, steroidi inavipa virusi nafasi ya kuitafuna konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Ikiwa lilikwaruzwa na jani la mhindi na fangasi wakaingia, ni vivyo hivyo. Na yule mtoto wa mzio, akitiwa matone hayo miezi kadhaa, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya na lenzi ikaanza kuingia ukungu. Nyumbani wanamwona mzima, kwa sababu macho yamekuwa meupe. Mtoto wa jicho, yaani huo ukungu wa lenzi, unaweza kupasuliwa. Neva ya jicho iliyokufa kwa presha hairudi.

Mtu wa mwisho mwenye taaluma ambaye mama huyu alionana naye kabla ya chupa ile ni tabibu, na tabibu alikuwa na mengi ya kufanya. Wekundu uliotapakaa, tongotongo, muwasho, na kuona kuko vilevile: hiyo si dharura. Hali hiyo ikiletwa na virusi, kama ile iliyoenea Dar es Salaam Januari 2024 hadi Wizara ya Afya ikatoa tahadhari, kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mgonjwa anawe mikono na asishirikiane taulo na wenzake. Ikiwa na usaha, apewe kiuavijasumu: mafuta ya tetrasaiklini au dawa ya kloramfenikoli. Lakini maumivu makali, kuogopa mwanga, kuona kulikopungua, wekundu unaouzunguka weusi wa jicho, doa jeupe kwenye konea: huyo ni wa rufaa, tena leo, na aambiwe kwa nini ni leo. Mama akielezwa hivyo atafunga genge. Akipewa barua ileile anayopewa kila mwenye jicho jekundu, ataikunja.

Mabingwa watajibu kwamba matabibu nao huandika steroidi, na kwamba zahanati haina kifaa cha kupima presha ya jicho. Yote mawili ni kweli. La kwanza linahitaji katazo lisilo na mlango wa nyuma: matone ya steroidi yasianzishwe zahanati. La pili ni gumu. Glakoma, ile tunayoiita presha ya macho, mara nyingi haiumi wala haileti wekundu, na huanza kuiba uwezo wa kuona kutokea pembeni. Tabibu mwenye tochi tu hataiona, na hapo siwapingi mabingwa hata kidogo. Anachoweza ni kumuuliza kila aliyevuka miaka 40 kama kwao kuna aliyepofuka, na kumpeleka akapimwe. Mtoto anayeng'aa weupe ndani ya mboni naye hana cha kusubiri. Inaweza kuwa saratani.

Ila kuna hesabu moja ambayo narudi kwayo kila mara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo la kuona ambalo lingezuilika au bado halijashughulikiwa. Kati yao, milioni 826 shida yao ni kuona karibu, ile inayokuja na umri. Milioni 826 katika bilioni! Hao wanahitaji miwani ya kusomea. Fundi cherehani wa Manzese anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano ni mmoja wao, na tukimpanga foleni moja na mwenye glakoma tunawaumiza wote wawili: fundi anapoteza siku ya kazi, mwenzake anasogezwa nyuma huku neva inakufa.

Kuwatenganisha hakuhitaji mashine. Tabibu ampime fundi kwa ubao wa herufi E. Akiona mbali vizuri na karibu vibaya, ni miwani ya kusomea. Akishindwa mbali, atazame kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye karatasi ngumu. Herufi zikikaa sawa, yaelekea hiyo pia ni miwani, na zisipokaa sawa, ndipo iandikwe barua. Ubao wenyewe hutundikwa mita 6 kutoka kwa mgonjwa. Chumba kikiwa kifupi, korido wanakokaa watu wakisubiri inatosha.