Mwanamke kwenye besiboli ya wanaume: kipaji au kiingilio?

Novemba 2025 ligi mpya ya besiboli ya wanawake nchini Marekani ilifanya uteuzi wake wa kwanza wa wachezaji, na jina lililotangulia yote lilikuwa la Kelsie Whitmore, aliyechukuliwa na timu ya San Francisco. Mashabiki walikuwa wanamfahamu zamani, ila si kwa kucheza na wanawake wenzake. Mwaka 2016, akiwa na miaka 17, alisajiliwa na Sonoma Stompers ya California. Mwaka 2022 akaingia Staten Island FerryHawks ya Ligi ya Atlantic, na 2024 akaanza mechi akiwa mrushaji wa Oakland Ballers. Zote zilikuwa timu za wanaume na zote zililipa mshahara, ingawa zilikuwa kwenye ligi huru, ngazi kadhaa chini ya Ligi Kuu yao, MLB, ambako hakuna mwanamke aliyewahi kucheza hata mechi moja.

Sasa kwa kuwa amehamia kwa wanawake, wapo wanaosema: tuliwaambia, mwanamke hawezi besiboli ya wanaume. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mrushaji wa besiboli husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na kwenye MLB mpira wake wa kasi huzidi kilomita 150 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua kama atazungusha rungu au ataacha upite. Kasi hiyo wanaume wenyewe wanaoiweza ni wachache duniani, na nguvu za mabega na kifua ndipo tofauti kati ya mwanamume na mwanamke ilipo kubwa. Wanawake waliofika kwenye timu za wanaume wamekuwa wakirusha polepole kuliko wenzao, tena kwa tofauti inayoonekana kwa macho.

Wana hoja ya pili, ambayo mimi naiona nzito kuliko ya kwanza. Ligi huru ni ngazi ya vijana wanaopigania kuonekana na mawakala. Nafasi kwenye kikosi ni chache na mshahara ni mdogo. Timu ikimsajili mtu kwa ajili ya kujaza viti, kuna kijana mahali fulani amefungasha begi akarudi kwao, na huyo hapigwi picha na gazeti lolote.

Upande wa pili unajibu kwamba kurusha si kasi peke yake. Mjapani Eri Yoshida aliteuliwa mwaka 2008 na timu ya wanaume ya Kobe akiwa na miaka 16, kwa sababu ya mpira unaoshikwa kwa ncha za vidole na kurushwa bila kuzunguka. Mpira huo huenda taratibu, lakini huyumba hewani kiasi kwamba hata mdakaji hajui utatua wapi. Aliuiga kwa Tim Wakefield, mwanamume ambaye kwa mpira huohuo wa taratibu alishinda mechi 200 za MLB kabla ya kustaafu 2012. Hakuna aliyemuuliza Wakefield nguvu zake ziko wapi.

Halafu kuna jambo ambalo mabishano ya misuli huliruka: wasichana wenyewe wameelekezwa wapi? Mwaka 1972 msichana wa New Jersey, Maria Pepe, alicheza mechi tatu za ligi ya watoto kisha akaondolewa kwa kuwa ni msichana. Kesi ikaenda, wasichana wakashinda, na 1974 ligi hiyo ikalazimika kuwafungulia mlango. Mwaka huohuo ikaanzisha kitengo cha softiboli. Wasichana wengi wakaelekezwa huko, na hadi leo hali haijabadilika sana.

Msomaji aliyecheza raundasi shuleni Kenya asidhani softiboli ni besiboli iliyopunguzwa makali. Mpira wake ni mkubwa zaidi, mrushaji huurusha mkono ukitokea chini, tena kutoka mita 13 tu. Mtoto akifanya hivyo miaka kumi, bega lake limefundishwa kazi nyingine kabisa. Lakini ufadhili wa masomo ya chuo kwa wasichana uko kwenye softiboli, na mzazi mwenye akili hawezi kuutupa. Whitmore mwenyewe alisoma chuo kikuu cha Cal State Fullerton akiichezea timu ya softiboli. Kwa hiyo tunapolinganisha, upande mmoja tunaweka wavulana walionolewa tangu wakiwa wadogo, na upande wa pili wasichana wachache waliokataa kuhama. Anayesema jaribio limeshafanyika na wanawake wameshindwa anaharakisha.

Hata hivyo, tukisoma historia yenyewe, swali la uwezo halikuwa la kwanza kuulizwa. La kwanza lilikuwa la kiingilio, yaani pesa za watazamaji mlangoni.

Tuanze na Jackie Mitchell. Tarehe 2 Aprili 1931, huko Chattanooga, binti huyu wa miaka 17, akiirushia timu ya huko, aliwatoa magwiji Babe Ruth na Lou Gehrig kwa straiki, yaani mipira mizuri waliyoshindwa kuipiga, mmoja baada ya mwingine, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Yankees, timu ya MLB. Mpigaji aliyefuata akapita bure kwa mipira mibaya, na Mitchell akatolewa uwanjani hapohapo. Rais wa timu yake, Joe Engel, alikuwa bingwa wa vituko. Mwaka huohuo alimbadilisha mchezaji wake kwa bata mzinga. Mechi yenyewe ilipangwa tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, mvua ikaiahirisha. Ndiyo maana hadi leo watu wanabishana kama Ruth na Gehrig walikubaliana kumwachia. Pengine Mitchell aliwatoa kweli. Ila akiwa chini ya tajiri wa aina ile, angewezaje kusadikiwa?

Mwaka 1952 Harrisburg Senators, timu iliyokuwa inafungwa na kukosa watazamaji, ilimsajili Eleanor Engle, karani wa ofisini. Alivaa jezi, akafanya mazoezi, akapigwa picha benchi. Ndani ya siku chache George Trautman, mkuu wa ligi za chini, akapiga marufuku timu kusajili wanawake, kwa maelezo kwamba vituko vya namna hiyo havivumiliki. Engle hakucheza hata zamu moja kati ya zamu tisa za mechi. Tazama ilivyokuwa: timu ilimtumia kuuza tiketi, na adhabu ya ujanja wake ikawaangukia wanawake wote.

Toni Stone yeye alikuwa na uzoefu. Alikuwa amezunguka na timu za wanaume weusi kwa miaka kabla Indianapolis Clowns haijamchukua mwaka 1953, alinde beisi ya pili. Hank Aaron, aliyekuja kuwa nyota wa MLB, alikuwa ameihama timu hiyo mwaka uliotangulia. Tangu Jackie Robinson aingie MLB mwaka 1947 na kuwafungulia mlango weusi wenzake, ligi za weusi zilikuwa zinapoteza nyota na watazamaji kwa pamoja, na mwenye Clowns alihitaji kitu cha kuvutia watu. Alitaka Stone acheze amevaa sketi. Stone akakataa. Mwaka 1954 aliuzwa kwa Kansas City Monarchs, akakalishwa benchi sehemu kubwa ya msimu, akaacha. Na asitokee mtu wa kusema angekwenda kwa wanawake wenzake: ligi ya wanawake iliyokuwepo tangu 1943 hadi 1954 haikumchukua mchezaji mweusi hata mmoja. Mrushaji Mamie Johnson, aliyecheza naye Clowns, aliwahi kwenda kujaribu bahati yake huko akakataliwa kwa rangi yake.

Ukija karibu zaidi, hadithi haijabadilika sana. St. Paul Saints, timu ya ligi huru iliyomsajili mrushaji Ila Borders mwaka 1997, ilikuwa ya Mike Veeck, mtoto wa Bill Veeck yule aliyempeleka mtu mwenye urefu wa takribani mita 1.1 kupiga mpira kwenye mechi ya MLB mwaka 1951. Hata Whitmore kule Sonoma aliingia kupitia mpango ulioshirikisha kampuni ya mvinyo ya mwongozaji filamu Francis Ford Coppola.

Borders ndiye anayenifanya nisikubaliane kabisa na upande wowote. Mechi yake ya kwanza ilikuwa aibu: dhidi ya Sioux Falls Canaries, alimgonga mpigaji wa kwanza kwa mpira. Kwa kipimo cha kiingilio kazi yake ilikuwa imekwisha, maana umati ulishamwona. Lakini alipelekwa timu ya Duluth, na huko kocha akaendelea kumpa mpira. Tarehe 24 Julai 1998 aliwafunga Canaries walewale 3 kwa 1, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuanza mechi ya kulipwa ya wanaume na kuhesabiwa mshindi. Mwaka uliofuata, akiwa Madison, wastani wake wa pointi alizofungwa kwa kila zamu tisa ulikuwa 1.67. Alitumiwa kwa uangalifu na kwa zamu chache, hilo ni kweli, na hakuna aliyemwita MLB. Bado kwa ngazi ile wapo wanaume wengi ambao wangeuza viatu wapate tarakimu hiyo.

Mwanamume wa kawaida, asiye nyota, hupewa misimu miwili mitatu ya kuharibu na kujifunza. Mwanamke hupewa jioni moja yenye kamera, akiharibu anakuwa ushahidi dhidi ya wenzake wote.

Je, ligi ya wanawake ni suluhisho? Kwa jambo hili nadhani ndiyo, kwa kiasi kikubwa, ingawa siufurahii mlango wa wanaume kufungwa kimyakimya kwa kisingizio cha “nendeni kwenu”. Softiboli ilianza kwa heshima kama hizo. Lakini mahali ambapo kikosi chote ni wanawake, hakuna anayekuwa kivutio kwa sababu tu ni mwanamke, na kocha anabaki na mpira na matokeo. Kwa hiyo kitakachonishughulisha ligi hii ikianza si idadi ya viti vitakavyojaa siku ya ufunguzi. Nitaangalia kama mrushaji atakayepigwa vibaya wiki ya kwanza atakabidhiwa mpira tena wiki ya pili.