Shimo likijaa maji halijawa ziwa

Nimekulia jirani na machimbo ya kokoto upande wa Kunduchi, Dar es Salaam, kwa hiyo najua mtoto anavyoliona shimo lenye maji. Masika yakikolea shimo lililoachwa linajaa, maji yanatulia na kuwa ya kijani, na sisi tunaacha mashati juu ya jiwe. Hatua ya kwanza maji kifundoni, ya pili magotini, ya tatu hukanyagi kitu. Ukingo ni wima kama ukuta, maana aliyeuchimba alikuwa anatafuta jiwe tu. Kutoka, mpaka mwenzako akupe mkono. Mama zetu walituchapa kwa hilo, na hawakukosea.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mgodi wa wazi ukiisha "tuuache ujae, tupate ziwa, tufuge sato", nasita. Ziwa silipingi. Napinga hilo neno "tuuache".

Tazama Senftenberg, mashariki mwa Ujerumani. Mgodi wa makaa ya mawe ulipoisha, kuanzia 1967 walielekeza humo maji ya mto Schwarze Elster, na 1973 watu wakawa wanaogelea kwenye ufukwe wa mchanga. Leo kuna mashua, njia za baiskeli, kambi za mahema. Lakini ndani ya ziwa hilohilo kuna kisiwa ambacho watu hawaruhusiwi kukikanyaga. Ni kifusi cha mgodi, mchanga uliomwagwa bila kushindiliwa, ambao ukilowa unaweza kugeuka uji kwa dakika. Mwaka 2018 sehemu yake iliporomoka, na eneo la ziwa likafungwa. Kule Nachterstedt ilikuwa mbaya zaidi: tarehe 18 Julai 2009 ukingo uliteleza alfajiri ukaingia ndani ya ziwa lililokuwa bado linajazwa, ukaondoka na nyumba, watu watatu wakafa. Na hao ni Wajerumani, wenye wahandisi na hela ya kuwalipa.

Ukitaka kuona "tuuache" yenyewe, nenda Butte, jimbo la Montana, Marekani. Kwenye mgodi wa shaba wa Berkeley pampu za kutoa maji shimoni zilizimwa 1982, maji yakapanda yenyewe. Jiwe lenye salfa likikutana na hewa na maji linazaa asidi, na asidi inayeyusha shaba, zinki, hata aseniki. Kwa macho ni ziwa. Mwaka 1995 mabata bukini weupe waliokuwa safarini waliliona hivyo, wakatua. Mizoga 342 ikaokotwa. Mwaka 2016 walitua wengi zaidi, wakafa kwa maelfu. Kuna watu pale ambao kazi yao ni kukaa kando ya maji na kufyatua bunduki ili ndege wasitue. Hebu fikiria: ziwa lenye askari wa kufukuza bata.

Sasa tuje nyumbani. Buzwagi, Kahama, mgodi umefungwa tangu 2021, na mingine mikubwa Kanda ya Ziwa nayo itafika siku yake. Sheria inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya ukarabati, yaani fedha za kurekebisha ardhi mgodi ukiisha, vizuri sana. Mimi ningependa wananchi wasomewe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida: jiwe la ukutani lina salfa kiasi gani, maji yatatoka wapi, nani atayapima baada ya miaka thelathini na kwa mfuko upi. Anayeahidi sato aanze na majibu ya hayo.

Na ukingo ulazwe mapema, wakati ekskaveta na madampa bado yapo. Mitambo ikishaondoka, nani ataileta tena kwa ajili ya mteremko? Ulazwe taratibu, kwa mita nyingi, ili mtoto akiingia aweze kutoka mwenyewe kwa miguu.