C ya nini, wakati mashine inaandika yenyewe?

Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni Dodoma, anasoma kompyuta, na wanafundishwa C, lugha ya kuandikia programu. Juzi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Hivi hii C tunaumizwa nayo ya nini, wakati mashine inaandika yenyewe?" Angeniuliza mwaka juzi ningemwambia ana haki, maana hata mimi huku Ujerumani nilikuwa naishi hivyohivyo.

Huku masomo mengi huruhusiwi kukaa mtihani mpaka uwe umepata nusu ya alama za mazoezi ya kila wiki. Usiku napanga mizigo ghalani, maana ndiyo inayolipa chumba. Nikirudi saa kumi na moja alfajiri, zoezi linanisubiri. Namwagia ChatGPT, ile mashine ya akili bandia, swali, jibu linarudi limenyooka, nabadilisha majina mawili matatu, natuma, nalala. Alama zikawa zinaingia. Nyumbani tungesema nadesa, ila desa la nyumbani walau ulilazimika kulinakili kwa mkono wako.

Mtihani ukawa wa mdomo. Profesa, mzee mpole kabisa, akanisogezea karatasi nyeupe na penseli. Akachora visanduku vitano vilivyoshikana kwa mishale, kila mshale ni anwani ya kisanduku kinachofuata, akaniambia niigeuze hiyo orodha, cha mwisho kiwe cha kwanza. Swali hilo nilishalituma na kupata alama zote! Nikaugeuza mshale wa kwanza kabla sijaweka pembeni anwani ya kisanduku cha pili. Visanduku vinne vikabaki vinaelea, hakuna njia ya kuvifikia tena. Mzee akanyamaza, akanipa muda. Kosa sikuliona.

Nikatoka na 5.0, na kwa mfumo wa huku hiyo si ya kujisifia: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya kufaulia. Kwa kawaida unapewa nafasi tatu. Ukianguka ya tatu umedisko, yaani umeondolewa masomoni, na mara nyingi kozi hiyo huisomi tena hata ukihamia chuo kingine.

Kwenye treni nikakumbuka hesabu za kidato cha nne. Kikokotoo marufuku, unaingia na kitabu cha majedwali. Tulilalamika sana, tukaona wenzetu wa nje wanakula raha. Lakini mpaka leo log ya 2 najua ni 0.3010, na jibu likikosea nukta nalishtukia kabla sijalikagua.

Sisemi nyumbani ndiko kuzuri. Tulikariri mitihani ya miaka iliyopita mpaka tukajua swali la ngapi litakuja nini. Uvivu ni uleule, kule tuliufunika kwa kukariri, huku mimi niliufunika kwa mashine. Kilichonigusa ni kwamba mtu mzima alikaa mbele yangu nusu saa nzima, kazi yake kuangalia tu kama ninaelewa. Kwenye ukumbi wenye wanafunzi mia tatu, nani atakufanyia hivyo?

Halafu hizi mashine zenyewe zina mwenyewe. Binamu yetu wa Kariakoo alilipia kozi ya Flash, teknolojia ya kutengenezea katuni na michezo ya mtandaoni, cheti akakitundika ukutani. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe, kampuni yenye Flash, wakaacha kuihudumia Flash Player iliyokuwa ikizionyesha, basi, cheti kikabaki pambo. Anakula mjini mpaka leo kwa sababu ya mkono wa kuchora, alioupata utotoni kwa kuandika mabango ya maduka. Huo hakuna kampuni iliyoweza kuuzima.

ChatGPT sijaiacha, asidanganyike mtu. Ila siku hizi naandika kwanza kwenye daftari, nikikwama ndipo naiuliza, na naiambia inihoji badala ya kunijibu. Inachosha. Wiki nyingine, zamu za usiku zikinizidia, narudia tabia yangu ya zamani.

Mdogo wangu sikumjibu kwa maneno. Nilimchorea visanduku vitano, nikavipiga picha na kumtumia, nikamwambia avigeuze kwa kalamu, simu aiweke mbali. Ikapita saa nzima. Picha ikarudi: mshale wa kwanza umegeuzwa, visanduku vinne vinaelea. Kabla sijaandika chochote ukaingia ujumbe mwingine.

"Subiri kaka, usiniambie."