Majini wote wanaishi Dar, sisi Kigoma tumeachiwa waganga tu

Hili jambo linaniuma muda mrefu, leo acha niliseme. Hadithi za maajabu, zile za majini na mizimu na uchawi zinazotokea mjini kabisa, kwenye dunia hii hii ya bodaboda na LUKU na makundi ya WhatsApp, mi nazipenda sana, nazisoma kwenye simu usiku mpaka bando linakata, ila nikishaona tu Kigoma imetajwa najua kinachofuata. Mhusika yuko Dar, biashara imeyumba au mume kachukuliwa, shoga yake anamnong'oneza kwamba kuna mzee mmoja yuko Kigoma, anapanda basi, aya inayofuata kashafika kwenye kibanda cha nyasi porini, kuna kitambaa chekundu na kaniki na vibuyu, mzee anamtaja jina kabla hajafungua mdomo, anampa dawa, safari ya kurudi. Stori yenyewe inaendelea Mbezi Beach kwenye jumba la ghorofa. Mji mzima wenye bandari na stesheni na masoko na vyuo, wenye watu wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi mwaloni samaki wanakoshushwa, umefanywa duka la dawa.

Na sisemi hivi kwa sababu naona aibu watu wakitutania mambo ya radi na kupotezana, hayo tumeyazoea toka shule. Nasema kwa sababu hadithi zenyewe zinaharibika. Hadithi ya aina hii inasimama kwenye siku ya kawaida. Kama mwandishi hajanifanya niamini kwanza bei ya dagaa, foleni ya bombani, mama anayedaiwa marejesho, basi hata akileta zimwi lenye vichwa saba sishtuki, maana tokea mwanzo hakuna kitu nilichokiamini. Jini akitokea kwenye jumba la kifahari ambalo si mimi wala mwandishi tumewahi kulala humo, uoga unatoka wapi? Akitokea kwenye korido ya nyumba ya kupanga, pale kwenye mlango wa chumba cha tatu ambacho mpangaji wake kahama na mwenye nyumba hataki kukipangisha, hapo mi silali.

Wazee wetu walilijua hili. Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, jini yumo, ila angalia siri inafichuka kwa njia gani: mjumbe wa mfalme katumwa kufuatilia kodi, analazwa kama mgeni, usiku anamwona mwenyeji wake anachapa viboko manyani wawili, na manyani wenyewe ni ndugu zake wa damu. Kodi! Hakuna kitu cha kawaida zaidi ya mtu katumwa kufuata kodi. Na wale wasioandika vitabu walifanya vilevile, enzi za mkoloni stori za mumiani zilienea Afrika Mashariki, na wanyonya damu hao watu hawakuwaweka makaburini, waliwapakia kwenye magari ya zimamoto. Yaani gari jipya, jekundu, hujui limebeba nini, linaendeshwa na watu wa serikali, hofu ikapanda humo humo. Hawakuhitaji pori.

Siku hizi tunayo yetu, tena tunaiona kila jioni. Kuna dada mmoja wakala wa pesa huku Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kibanda chake kidogo tu, meza, mwavuli, simu za laini zote zimepangwa. Ikifika saa mbili usiku anafunga hesabu na ukimwangalia anavyofunga utasoma hadithi nzima. Anaandika floti ya kila laini kwenye daftari, anahesabu keshi, anajumlisha kwa kikokotoo cha simu, halafu anahesabu tena akianza na noti ndogo. Mchana mzima noti iliyokunjwa ndogondogo haipokei, anakwambia ikunjue wewe mwenyewe uiweke mezani. Anaogopa chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za mwenye biashara. Mimi si hoja yangu kama chuma ulete ipo au haipo, hoja yangu ni kwamba pale pana mtu mwenye kazi halisi, mwenye hofu halisi, na tayari ameshajiwekea masharti yake mwenyewe, sasa mwandishi unakosaje pa kuanzia? Fanya hesabu isipungue, izidi. Kila usiku keshi inazidi kidogo kuliko inavyotakiwa na hakuna mteja anayekuja kudai. Ukurasa wa pili tu utakuwa umenishika.

Halafu kuna ziwa. Hapa ndo huwa nashindwa kabisa kuelewa waandishi wetu wanapita wapi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita kama 1,470, duniani ni la pili kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na ukishuka chini zaidi ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, samaki hawaishi huko. Maji mengi ya ziwa hili, sehemu kubwa kabisa, ni maji ambayo samaki hakai. Wavuvi wetu wanafanya kazi juu ya kitu hicho usiku, wanawasha taa dagaa wazifuate, na ukisimama sehemu ya juu ya mji usiku wa giza unaona taa zimejipanga mpaka upande wa Kongo utadhani kuna mji mwingine umeota majini. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, kwa sababu mbalamwezi inazishinda taa na dagaa hawakusanyiki. Hebu fikiria, kazi inayoendeshwa na mwezi, watu wanaofanya kazi gizani tu na kupumzika kukiwa na mwanga, hakuna aliyebuni, hayo ndo maisha ya wavuvi wa Kibirizi na Katonga hapa Kigoma.

Sasa chukua mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti uvuvi ulifungwa ziwa zima ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Zile taa zote hazipo. Mi nimekaa na picha hii kichwani tangu wakati ule na nashangaa sijaona mtu kaiandika: mama anayeanika dagaa kwenye chanja pale mwaloni, chanja ziko tupu, marejesho ya kikoba hayakufungwa pamoja na ziwa kwa hiyo wenzake wanampigia simu, usiku anatoka nje anaona taa moja. Moja tu, mbali. Anadhani kuna mtu anaiba samaki. Doria wanakwenda, wanarudi, wanasema hamna mtumbwi. Kesho yake taa iko pale pale. Siku ya tatu upepo unavuma kutoka ziwani na mama anasikia harufu ya mafuta ya taa, harufu ya karabai, na kila mtu pale anajua kwamba karabai watu wameshaziacha, siku hizi ni taa za betri na sola. Mume wake alienda ziwani na karabai enzi hizo. Nisiendelee. Ona tu kwamba hapo hakuna mganga, hakuna kitambaa chekundu, kuna agizo la serikali, kikoba na teknolojia ya taa, na bado mwili unasisimka.

Kitu kingine kinachoniudhi ni masharti. Mambo haya kwenye imani zetu hayajawahi kuja bure, dawa ina masharti, mzimu una masharti, hata ukienda kuchimba mizizi kuna saa ya kwenda na kuna upande wa kutazama. Ila kwenye hizi hadithi za sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya themanini, mwandishi akishaona wasomaji wanalipia anaanza kumwongezea jini uwezo, wiki hii anaogopa chumvi, wiki ijayo kakaa mezani anakula pilau na wakwe. Jini asiyeshindwa na kitu hana stori. Mi nataka jini mwenye sharti moja tu, dogo, lakini halitanguki, halafu umlete kwenye ramani ya kweli uone litakavyombana.

Mfano chumvi hiyo hiyo. Uvinza watu wamechemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, wanaakiolojia walichimba wakathibitisha. Na reli ya kati ukitoka Tabora unapita Urambo, Kaliua, Nguruka, unafika Uvinza, ndo unaingia Kigoma. Njia ya reli ni hiyo hiyo moja. Basi mpandishe jini wako Tabora usiku, kavaa vizuri, kakaa daraja la pili, anaongea vizuri na abiria, anamnunulia mtoto wa jirani karanga dirishani, wamezoeana kabisa, na dada aliyekaa naye mkabala anaanza kumpenda, na dada anashuka Kigoma. Jini anajua Uvinza hapiti. Hawezi. Ana Nguruka tu ya kushukia, treni inasimama muda mfupi, na dada anamuuliza mbona ulisema unaenda Kigoma. Sharti moja, stesheni moja, na mtu aliyewahi kupanda treni ile anajua vile asubuhi inavyokucha karibu na Malagarasi na watu wanavyonyoosha miguu, kwa hiyo humdanganyi. Huyo jini mi namwonea huruma, na ukishaanza kumwonea huruma jini basi mwandishi ameweza.

Meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, sitaisemea sana maana kila mtu anaijua, ila jamani. Meli imeundwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha, reli ilikuwa imefika Kigoma 1914, ikaunganishwa hapa hapa na kuelea 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Ilikaa chini ya maji miaka kadhaa na mitambo ikapona, halafu ikabeba mabibi na magunia ya dagaa na mapipa ya mawese miaka na miaka. Na bado tunasubiri mtu wa Dar atuandikie jumba la Mbezi.

Lakini kuna jambo hapa ni zito kuliko ladha ya hadithi na naomba lisomwe taratibu. Huku magharibi na kanda ya ziwa, uchawi kwenye maandishi si mchezo. Tuna sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo. Vikongwe wameuawa, Tabora, Shinyanga, Mwanza, kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na macho yale yamewekwa mekundu na moshi, mtu kapika na kuni au kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote ili wengine wale. Sasa mwandishi anakaa anaandika hadithi, mchawi wake ni bibi wa jirani, masikini, mjane, macho mekundu, anayefichuliwa na ramli sehemu ya mwisho na wasomaji wanashangilia, na juu kabisa kaweka maneno KISA CHA KWELI kwa herufi kubwa ili watu wafungue. Inasambazwa kwenye kundi la familia. Kuna mtu kwenye lile kundi ana bibi wa jirani mwenye macho mekundu na mtoto wake anaumwa.

Mi sikubali mtu aniambie ni burudani tu. Ukiandika ajabu andika ni hadithi, lisome hivyo, lina heshima yake kama hadithi. Na mchawi wako akihitajika mpe nguvu ya kweli, mpe cheo, mpe shamba kubwa la michikichi, mpe ofisi na mhuri, awe mtu ambaye msomaji akimaliza hawezi kwenda kumpiga mawe mtu yeyote dhaifu mtaani kwake. Bibi wa macho mekundu mpe kazi nyingine, awe yeye ndo anayejua ile taa ziwani ni ya nani, na mama wa chanja amfuate jikoni kwake amuulize, wakae wote kwenye ule moshi.

Wenye uwezo wa kuandika haya wapo, nawajua, wako Gungu, Ujiji, Mwandiga, Kasulu, ni walimu, madereva, manesi wa zamu ya usiku, wanakaa na stori kuliko hao tunaowalipia elfu elfu kila wiki, tatizo wanadhani wakitaka kuandika lazima wahusika wao wahamie Dar kwanza. Wabaki hapa hapa. Anzia kazi unayoifanya, ile sehemu yake ambayo mtu asiyeifanya haijui, ndo ajabu iingilie hapo.

Mi ile ya treni nimeshaanza kuiandika, ila nimekwama Nguruka. Nahitaji mtu aliyewahi kufanya kazi stesheni zile usiku, anieleze taa inawashwa wapi, nani anabaki macho, wauza chai na mihogo wanajuaje treni iko karibu, na abiria akishuka peke yake saa tisa usiku bila mzigo watu pale wanamuuliza nini. Aniandikie, hata kwa ufupi.