Megawati zimezidi, jiko bado la mkaa

Mwaka 2015 mitambo ya Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ilizimwa kwa sababu maji ya bwawa yalishuka mno. Machi 2024 vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa tena, safari hii kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Kati ya matukio hayo mawili nchi imebadilika kweli. Mtera nzima ina megawati 80. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere, lililoko mto Rufiji, unatoa 235, na ipo tisa. Uwezo wa gridi sasa umepita megawati 4,000, wakati mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa yalikuwa hayajafika 2,000.

Wanaosema mgao wa umeme umebaki historia wana haki ya kujivuna. Ila tukumbuke maji haya yanatoka wapi. Ruaha Mkuu ukishapita Mtera na Kidatu unakwenda kuingia Rufiji, na kituo cha umeme wa maji cha Kihansi nacho kimo katika bonde hilohilo. Nyanda za juu kusini zikikosa mvua misimu miwili mfululizo, pigo ni moja kwa vituo vyote hivyo. Kwa hiyo siafiki wanaotaka mitambo ya gesi ya Kinyerezi ionekane mzigo. Kuitunza ni gharama, sawa, lakini giza la nchi nzima ni gharama kubwa zaidi.

Hapa Dodoma tatizo liko karibu zaidi na mlango. Tangu serikali ihamie, nyumba zimeota kila upande, na fundi wa kuchomelea mageti anajua maana yake: ikifika saa moja jioni umeme unashuka, mashine haishiki, anaweka vyuma chini mpaka watu walale. Megawati za Rufiji hazimsaidii kama transfoma ya mtaa imezidiwa.

Na matumizi yenyewe? Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, nafuu kuliko mkaa wa leo. Lakini mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, bei ya uniti inakaribia mara tatu au kupita hapo. Yaani mama akianza kupikia umeme ndipo anapotolewa kwenye unafuu. Gunia la mkaa linabaki pale pale uani.

TANESCO, shirika la umeme la taifa, wana jibu zito: bei hiyo ya chini haifidii gharama, na fedha za nyaya na transfoma lazima zitoke mahali. Nalikubali. Hata hivyo, maji yanayopita bwawani bila kuzungusha mtambo hayaingizi hata senti. Kikomo kipandishwe, angalau kwa miezi ambayo mabwawa yamejaa, na transfoma zianze kuongezwa mitaani.